Kikohozi Kabla ya Alfajiri: Kisa cha Mjane Aliyeitwa Mgonjwa, Kisha Akaitwa Mzima

Kabla ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa mwambao wa Tanzania. Mwenyewe ameridhia kisimuliwe. Jina, umri kamili, idadi ya watoto na mambo mengine ambayo jirani angemtambua kwayo nimeyaondoa au nimeyabadilisha. Hapa nitamwita Bi Rehema.

Nawaandikia wenzangu wanaoanza kazi ya saikolojia tiba, matabibu wa vituo vya afya, na yeyote mwenye mzazi aliyefiwa. Katika muda wa miezi minane mama huyu alikosewa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mzima akaitwa mgonjwa. Mara ya pili alikuwa mgonjwa akaitwa mzima, na kosa hilo la pili ni langu.

Usuli

Bi Rehema ana umri wa miaka 50 na ushei. Aliolewa angali binti, akaishi na mumewe zaidi ya miaka 30. Walikuwa na duka dogo mbele ya nyumba: mume analeta mzigo, mke anaandika daftari la madeni. Hakuwahi kuugua ugonjwa wa akili, na kwao hakuna aliyejulikana kuugua. Mume alifariki ghafla, usiku mmoja, kifua kikimbana.

Baada ya mazishi mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi kama sheria ya dini inavyotaka. Alivaa nyeupe, hakupaka wanja wala kujifukiza udi, na hakutoka nje ila kwa haja. Alihamia chumba cha uani pamoja na mjukuu wake wa miaka 6.

Siku ya hamsini

Mkwe wake ndiye aliyesikia kwanza. Alikuwa ameamka usiku kumpa mtoto maji, akamsikia mama mkwe akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, nimesikia, naamka." Chumbani hamkuwa na mtu mwingine, mtoto alikuwa amelala. Asubuhi akakuta vikombe viwili vya chai mezani, kimoja hakijaguswa. Usiku uliofuata ikawa vilevile.

Habari ikasambaa katika ukoo. Kijana mkubwa, anayefanya kazi mji mwingine, akaja mbio akisema mama apelekwe hospitali haraka kabla mambo hayajaharibika. Wifi mtu akasema hilo si la hospitali, ni shetani wa nyumba ile, marehemu alikuwa anamtuliza na sasa hana wa kumtuliza. Walibishana siku mbili. Mwisho kijana akakodi bajaji, mama akapelekwa kituo cha afya, akisitasita mlangoni kwa sababu yuko ndani ya eda.

Tabibu aliyempokea alikuwa kijana mwenye foleni ndefu. Baadaye nililiona faili. Alikuwa ameandika mistari minne:

*Hatoki nyumbani wiki 7. Hajipambi. Haangalii usoni. Anaongea na mtu asiyeonekana.*

Chini yake: saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtenganisha mtu na uhalisi. Akampa haloperidoli, dawa ya ugonjwa huo.

Naomba msomaji airudie mistari hiyo taratibu, kwa kuwa mafunzo mengi ya kisa hiki yamo humo. Hatoki: yumo edani. Hajipambi: yumo edani. Haangalii usoni: ni mama mtu mzima wa pwani, mjane, mbele ya mwanamume asiyemjua. Hivyo vitatu, mtu yeyote wa mtaani kwake angeshangaa kama *asingekuwa* navyo. Kijana yule hakusema uongo hata neno moja. Alichoandika ndicho alichokiona, ila alikiona bila nyumba kilimotoka.

Siku ya tatu ya vidonge, shingo ya Bi Rehema ikapinda upande, taya likakaza, macho yakamtoka. Hilo ni dhara linalojulikana la dawa hiyo, hutokea zaidi katika siku za mwanzo, na kuna dawa ya kuliondoa. Nyumbani hawakuambiwa. Wifi akasema, "Mmeona? Sasa kampanda kichwani." Akaitwa mwalimu wa kumsomea, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Dawa iliyotolewa kuondoa ugonjwa usiokuwapo ikawa ushahidi wa shetani.

Nilivyoitwa, na nilichoamua

Binti mdogo wa Bi Rehema alisoma na mdogo wangu, ndipo nikapigiwa simu. Nilikwenda nyumbani badala ya kumwita ofisini, kwa sababu ya eda, na pia nilitaka kumwona anavyoishi. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, kanga nyeupe kichwani, shingo bado inauma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na wewe umekuja kunitazama wazimu?"

Nikamwambia nimekuja kumpa pole, na kumsikiliza kama ataniruhusu. Tukanywa chai kwanza. Kisha akaeleza bila kulazimishwa. Mumewe alikuwa na kikohozi cha asubuhi. Kila siku kabla ya adhana ya Alfajiri alikuwa akikohoa mara mbili uani, na kikohozi hicho ndicho kilichomwamsha mama kwa miaka yote ile. Tangu afariki, siku nyingine kikohozi kinasikika. "Nikikisikia naitika. Nifanyeje? Mdomo umeshazoea." Na kikombe cha pili? Akatabasamu kidogo. "Mkono unamimina wenyewe. Nikikiona ndio nakumbuka."

Nilimuuliza kama anajua mumewe yuko wapi. Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye ninayehitaji kusaidiwa. "Kaburini, mwanangu. Nilimwona akitoka mlango huu."

Nikauliza habari za siku nzima. Anaswali, anapika, anamwandaa mjukuu kwenda shule, analala vya kutosha, analia mara nyingi hasa jioni. Daftari la duka lilikuwa kando ya mkeka. Niliomba kulitazama: mwandiko umenyooka, hesabu zimefungwa hadi jana yake. Sauti aliyoisikia haikumwamrisha kitu wala kumtisha. Ilimfariji. Nilitumia pia PHQ-9, dodoso la kupima sonona (huzuni iliyogeuka ugonjwa), lenye maswali 9 na alama hadi 27; alama zikipanda, sonona ni kali zaidi. Alipata 7, ambazo kwa mfiwa wa miezi miwili hazinishtui.

Niliamua mambo matatu. Kwanza, nilizungumza na daktari wa hospitali ya wilaya, tukakubaliana haloperidoli isimamishwe na shingo itibiwe. Pili, niliwaita watoto na wifi kwenye mkutano mmoja, nikaeleza kuhusu dawa na shingo ili suala la kupandwa kichwani lipate jibu jingine. Sikubishana na wifi juu ya mashetani; nilimwomba tu asimamie mama apate usingizi, na akakubali. Tatu, niliandika kwenye faili kwamba hakuna ugonjwa wa akili kwa sasa. Nikaahidi kupiga simu hadi eda iishe.

Nilipiga. Eda ikaisha, akaoga, akavaa nguo za rangi, watu wakala pilau. Nikafunga faili.

Mwezi wa saba

Simu ya pili ilitoka kwa binti yule yule, lakini safari hii aliiweka kama ombi la ushauri mdogo. Mama amekonda. Mama hali vizuri. Hata hivyo, akasema, ni mtulivu sana siku hizi, hata yale maneno ya usiku yamekwisha, yuko kwenye mswala tu. Ukoo mzima ulikuwa unamsifu: mjane mwenye heshima zake, eda imekwisha na bado hatoki. Tena mkarimu. Ameanza kugawa kanga zake, vyombo vyake, hata pete ya ndoa amempa mjukuu mkubwa. Wanasema ni sadaka kwa ajili ya marehemu.

Nakiri nilichofanya. Nilisikia "mtulivu," nikasikia "maneno ya usiku yamekwisha," nikafurahi. Nilimwambia binti ampikie uji wa lishe na nitapita wiki ijayo. Nilikuwa nimejenga hoja yangu ya mwanzo juu ya kuheshimu dini na desturi, na sasa kila kilichoonekana cha dini nilikipa pasi ya kupita. Ni usiku, nikiwa kitandani, ndipo pete iliponirudia akilini. Mjane hugawa nguo za marehemu. Huyu alikuwa anagawa vyake.

Asubuhi sikungoja wiki iishe. Nilimkuta pale pale kwenye mkeka, ila si mtu yule. Alijibu salamu baada ya kimya kirefu. Tasbihi ilikuwa mkononi lakini vidole havisogei. Daftari la duka nililipata rafuni likiwa na vumbi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili, ya mwezi mmoja na nusu nyuma, na mwandiko unashuka chini ya mstari.

Nilimuuliza kuhusu kikohozi.

"Hanijii tena," akasema. "Kanikasirikia. Na ana haki."

Ndipo yakatoka. Usiku ule kifua kilipombana, mume alitaka aamshe vijana watafute gari. Yeye akamwambia avumilie, kunakaribia kucha. Hakukucha kwake. Bi Rehema alikuwa na yakini kwamba amemuua mumewe, kwamba chakula anachokula ni haramu kwake, na kwamba nyumba ile itapumua akiondoka. Alikuwa akiamka saa nane usiku na kukodolea macho dari hadi mchana.

Nikarudia dodoso. Alama 20. Swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, alijibu hapana papo hapo. Ningeishia hapo ningemkosa kabisa. Kwa Mwislamu wa rika lake kukiri jambo hilo ni kukiri dhambi kubwa mbele ya mtoto. Nikaliweka karatasi kando, nikamwambia, "Mama, wapo watu wa ibada kabisa ambao uchungu umewafikisha mahali wakaona hawawezi tena. Mungu anawajua. Wewe umefika huko?" Alinyamaza muda mrefu, halafu akafungua pindo la kanga yake. Humo alikuwa ameficha alichokuwa amejiwekea. Akaniwekea mkononi bila neno.

Maamuzi ya mara ya pili

Hakuachwa peke yake tangu dakika ile. Nilikaa naye hadi binti na mkwe walipofika, tukampeleka hospitali siku hiyo hiyo, akalazwa siku 9. Tulipima damu na tezi ya shingo ili kuhakikisha hakuna ugonjwa wa mwili unaojificha nyuma ya dalili zile. Hapakuwa na kitu. Daktari akaandika sonona kali.

Dawa ilijadiliwa kwa makini. Kati ya dawa za sonona, amitriptilini ndiyo ilikuwa rahisi kupatikana, lakini ikinywewa kupita kiasi huua, na huyu alikuwa mtu wa hatari hiyo. Tukachagua dawa nyingine ya sonona, fluoksetini, binti akawa anaitunza na kumpa kila asubuhi. Tuliwaambia mapema kwamba dawa huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana. Familia zinazoachwa bila kuambiwa hili huacha dawa wiki ya pili.

Mazungumzo yetu yalihusu zaidi usiku ule mmoja. Sikumwambia "usijilaumu," kwa kuwa alikwishaambiwa hivyo na watu wengi na hakikuingia kitu. Nilimwomba anisimulie saa kwa saa. Kisha, kwa ridhaa yake, nilimleta daktari aliyempokea marehemu, akamweleza jinsi moyo ule ulivyoziba na jinsi hata gari lingepatikana bado ingekuwa vigumu kumwokoa. Imamu wa msikiti wao naye alikuja, akazungumza naye kuhusu siku ya kufa ya mtu ilivyoandikwa. Mimi nisingeweza kuyasema maneno yale kwa uzito ule. Wifi mtu, na hili sikulitarajia, ndiye aliyelala naye chumbani wiki tatu za mwanzo alipotoka hospitali.

Matokeo

Wiki ya nne alianza kula. Wiki ya saba aliomba daftari. Mwezi wa tatu wa matibabu alama zilikuwa 6, akarudi dukani asubuhi. Sasa ni zaidi ya mwaka tangu tuanze, dawa imepunguzwa na kusimamishwa chini ya daktari, na miadi yake na mimi ni mara moja kwa miezi mitatu.

Uchambuzi

Wanasaikolojia wana vipimo kadhaa vya kusema tabia fulani si ya kawaida. Je, ni jambo adimu? Linakiuka kaida za jamii? Linampa mtu dhiki? Linamzuia kumudu maisha yake? Ni la hatari kwake au kwa wengine? Vitabu huvipanga sambamba kana kwamba vina uzito mmoja. Kwa Bi Rehema havikuwa hivyo hata kidogo.

Uadimu ulitudanganya moja kwa moja. Kumsikia marehemu kunaonekana jambo la ajabu kwa sababu watu hawalisemi. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mahojiano na wajane 293, wanaume kwa wanawake. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumhisi, kumwona au kumsikia mwenzi aliyefariki. Wengi hawakuwahi kumwambia mtu, na wengi walisema jambo hilo liliwasaidia. Tabibu anayejua hilo angeuliza maswali mawili zaidi kabla ya kuandika saikosisi. Maruweruwe ni dalili nzito yakija pamoja na fikra zilizovurugika, hofu, au kupoteza mwelekeo. Huyu alijua mume yuko kaburini na hesabu za duka zilikuwa sawa hadi shilingi.

Kipimo cha kaida ndicho ninachokiogopa kuliko vyote, kwa kuwa swali linalofuata ni: kaida za nani? Hapa Afrika Mashariki tuna jibu lenye aibu. J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, aliandikia serikali ya kikoloni mwaka 1954 ripoti iliyowaeleza wapiganaji wa Mau Mau kwa misingi ya saikolojia, kana kwamba hasira ya watu walionyang'anywa ardhi ilihitaji kutafutiwa asili katika akili zao. Hivyo ndivyo kaida ya mwenye nguvu inavyogeuka cheti cha ugonjwa. Tabibu wetu wa kituo cha afya hakuwa mkoloni, ni mtoto wa pwani hii hii. Lakini fomu aliyokuwa akiijaza haina mahali pa kuandika "mjane, yumo edani," na kisichokuwa na nafasi kwenye fomu huwa hakipo.

Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Chama cha Wataalamu wa Akili cha Marekani, toleo la 2013, unasema wazi kwamba mwitikio unaotarajiwa au unaokubalika katika utamaduni wa mtu, kama ule wa kufiwa, si ugonjwa wa akili. Nilisimama juu ya sentensi hiyo mwezi wa pili, na nilikuwa sahihi. Mwezi wa saba nikaendelea kusimama juu yake ilhali ardhi imeshabadilika. Toleo hilo hilo liliondoa kanuni ya zamani iliyowazuia madaktari wasimpe mfiwa utambuzi wa sonona katika miezi miwili ya mwanzo. Wengi waliipinga hatua hiyo, wakihofia huzuni ya kawaida itageuzwa biashara ya vidonge. Nilikuwa miongoni mwa walioihofia. Kisa hiki kimenifanya nielewe upande wa pili: kufiwa hakumkingi mtu na sonona, na wakati mwingine ndiko kunakoifungulia mlango.

Je, haikuwa tu majonzi yaliyorefuka? Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, unayatambua majonzi ya namna hiyo baada ya angalau miezi sita, yakizidi kile ambacho desturi ya mtu inakitarajia. Lakini kiini chake ni kumtamani marehemu kusikoisha. Bi Rehema alikuwa ameacha hata kumtamani. Alijiona hafai kuwa hai.

Maelezo yaliyonisaidia zaidi ni ya Jerome Wakefield, wa mwaka 1992: ugonjwa wa akili ni hitilafu yenye madhara. Lazima kitu ndani ya mtu kiwe kimeacha kufanya kazi yake ya asili, na hitilafu hiyo iwe inamdhuru, kwa kipimo cha watu anaoishi nao. Tumia hilo kwenye vikombe viwili vya chai. Hakuna kilichoharibika, mkono ulikuwa unakumbuka. Tumia kwenye kimya cha pale kwenye mswala. Usingizi umeharibika, hamu ya chakula imeharibika, hukumu ya nafsi imeharibika hadi mtu anajihukumu kifo kwa neno moja alilolisema usiku. Na hapo ndipo ukoo mzima, nami nikiwamo, tulipomwona ametulia.

Yaliyofanya kazi ni kwenda nyumbani, kulitazama daftari, kuuliza kuhusu kujidhuru kwa lugha ambayo mama mcha Mungu angeweza kuijibu, na kuwaingiza imamu na wifi ndani ya matibabu badala ya kuwafanya wapinzani. Kilichoshindikana zaidi ni kufunga faili siku ya kutoka eda. Kuisha kwa eda ni jambo la kisheria na la heshima. Nililichukua kama tarehe ya kupona, jambo ambalo dini yenyewe haikudai. Pia sikumuuliza, mara ya kwanza, jinsi mume alivyofariki na yeye alikuwa wapi. Nilishughulika mno na kuthibitisha kwamba haumwi.

Sasa kila mfiwa anayepita mikononi mwangu napangiana naye miadi ya mwezi wa sita na wa mwaka, hata akiwa mzima wa afya. Na kuna swali nimeliandika kwa mkono pembeni mwa fomu yetu, kwa sababu halimo: *Unagawa nini siku hizi?*

Katika miadi ya mwisho Bi Rehema alikuja na vitumbua kwenye kikapu. Alipokuwa anaaga, mkono kwenye kitasa, akasema kwamba jana kabla ya adhana kikohozi kilisikika. Nikamuuliza alifanyaje.

"Nilimwitikia," akasema, "nikaamka kuswali."

Nimeliandika hilo kwenye faili lake, chini ya maendeleo mazuri.